Injini Inapozimika Angani

  Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya eropleni ndogo, zile ambazo fundi huziunda mwenyewe kwa mikono yake, wala hazikutoka kiwandani. Na hasa twataka kunena juu ya saa ile ambayo injini huzimika hali eropleni iko angani.

Yamkini mtu aliyeketi barazani kwake Ulyankulu atauliza, "Jambo hili latuhusu nini sisi, watu wa mahindi, tumbaku na asali?" Twamjibu kwamba lamhusu sana. Katika miaka hii magazeti ya Tanzania, Kenya na Uganda yameandika mara kwa mara habari za mafundi waliojaribu kuunda eropleni au helikopta kwa mabomba ya chuma, mabati, na injini za magari au pikipiki. Na katika Unyamwezi yote leo wako vijana wawezao kuifungua injini ya pikipiki na kuifunga tena, nayo ikawaka. Kijana wa namna hiyo akiona eropleni ikipita juu kwenda Tabora, si ajabu moyo wake ukimwambia, "Na mimi nitaunda yangu." Hatukuja hapa kumcheka wala kumkatisha tamaa. Twaja kumwuliza swali moja tu: injini ikizimika, utatua wapi?

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la kweli kwa jambo lisiloweza kutazamiwa. Lakini kuzimika kwa injini ni jambo la kutazamiwa. Kila injini iliyoundwa na wanadamu yaweza kuzimika, na kila rubani hufundishwa hivyo mapema, kabla hajaachwa kuruka peke yake. Basi jambo linalotazamiwa hutayarishiwa.

Wazee wa Unyamwezi walilijua fundisho hili kabla eropleni ya kwanza haijaundwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita Tabora, wakashuka mpaka Bagamoyo pwani. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Kirangozi hakungoja watu waone kiu ndipo aanze kutafuta maji. Kabla ya kuinua mizigo asubuhi alikwisha kujua kisima cha jioni kiko wapi, na ikiwa kimekauka, kisima cha pili kiko wapi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo, ambaye nchi yake ilikuwa huko huko upande wa Ulyankulu, alipigana vita na wafanyaji biashara Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Dr. Livingstone, aliona kwamba njia iliyozoewa haipitiki. Akauzungusha msafara wake upande wa kusini, akafika Ujiji mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Rubani mwema ni kama kirangozi. Kila dakika aliyo angani anajua kisima chake cha jioni kiko wapi, yaani mahali atakapotua ikiwa injini itanyamaza sasa hivi.

Na Tabora yenyewe ina habari yake katika jambo hili. Mwaka 1919 wapimaji wa Kiingereza walipita katika Afrika wakitayarisha viwanja vya kutulia eropleni toka Cairo mpaka Cape Town. Tabora ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Huko Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuvichimbua vichuguu na kuuondoa udongo wake. Mwaka uliofuata marubani wakaanza kushindana nani atakuwa wa kwanza kufika Cape Town. Tarehe 24 Januari 1920 eropleni kubwa ya kampuni ya Vickers iliondoka Uingereza, ikiongozwa na Kapteni Cockerell na Kapteni Broome. Pamoja nao alikuwamo Dr. Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa elimu ya wanyama, aliyesafiri kwa ajili ya gazeti la The Times. Eropleni hiyo ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce, nazo ziliwasumbua mara kwa mara njiani. Hata hivyo wakafika Tabora. Tarehe 27 Februari walipokuwa wakiruka kutoka Tabora, injini ikawaangusha. Eropleni ikaanguka, ikavunjika, na safari yao ikaishia pale. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa.

Wenzao, Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari mwaka ule. Usiku mmoja, walipokuwa juu ya nchi ya Mto Nili, maji ya kuipoza injini yakavuja, ikawabidi washuke, na eropleni ikavunjika. Wakapewa nyingine. Hiyo nayo ikaanguka Bulawayo ilipokuwa ikiruka. Wakapewa ya tatu, ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Fikirini, wasikilizaji: hao walikuwa marubani hodari waliopita katika vita kuu, wenye injini bora za siku zile, na viwanja vilivyofyekwa kwa ajili yao. Ikiwa hao walipatwa na hayo, fundi aliye peke yake chini ya mwembe hana budi kuangalia zaidi.

Sasa tuone kwa nini injini huzimika. Injini yahitaji vitu vinne: petroli, hewa, cheche ya moto, na kupozwa. Kimoja kikikosekana, injini husimama.

Petroli ndiyo ya kwanza kwa hila. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, mahali pale pale mrija unapoanzia. Petroli iliyokaa katika chupa na madebe ya dukani yaweza kuwa na maji na mchanga ndani yake. Rubani humimina kidogo toka chini ya tangi kila asubuhi katika chupa safi, akaitazama kwenye mwangaza kabla ya kuruka. Tena tangi lazima liwe na tundu la kupitisha hewa. Tundu likiziba, petroli haishuki, kama vile maji yasivyotoka katika kibuyu kilichozibwa pasipo na nafasi ya hewa kuingia. Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika Kenya, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake toka Uingereza mwezi wa Septemba 1936. Baada ya saa 21 angani, petroli ikakatika kwa sababu ya barafu iliyoziba matundu ya hewa ya tangi. Injini ikafa, naye akatua kwa lazima katika tope la Cape Breton, nchini Kanada. Alipona, akiwa na jeraha la kichwa.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Barafu yaweza kufanyika ndani ya kabureta hata siku ya joto. Mnajua kwamba maji ya mtungini hupoa kwa sababu unyevu hutoka nje ya udongo na kukauka. Petroli nayo ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza mahali pale kwa nguvu sana. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama siku za masika, unyevu huganda ndani, hufunga njia ya hewa, na injini hudhoofika kidogo kidogo mpaka inyamaze. Kwa sababu hiyo eropleni nyingi zenye kabureta zina njia ya kuipelekea hewa ya moto, na rubani huifungua kabla hatari haijaja.

Jambo la tatu ni cheche na joto. Injini ya gari au pikipiki haifanyi kazi kwa nguvu zake zote ila kwa muda mfupi, wakati wa kupanda kilima au kupita gari jingine. Injini ya eropleni hufanya kazi karibu na nguvu zake zote kwa muda mrefu, na hasa wakati wa kuruka. Kwa hiyo injini iliyotumika miaka mitano barabarani bila taabu yaweza kupata moto mno na kufa kwa dakika tano angani. Injini zilizoundwa makusudi kwa eropleni aghalabu huwa na plagi mbili katika kila silinda na mitambo miwili ya cheche, ili mmoja ukifa wa pili uendelee. Injini ya pikipiki haina msaidizi huyo.

Tena twapaswa kuikumbuka nchi yenyewe. Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini ya kawaida hupoteza kadiri ya sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila futi 1,000 za kupanda. Mchana wa joto, hewa ya Tabora huwa nyepesi kama hewa ya mahali penye futi zaidi ya 6,000. Injini hudhoofika, mabawa hubeba kidogo, na rafadha huvuta kidogo, vyote kwa wakati mmoja. Eropleni inayoruka vizuri Dar es Salaam asubuhi yaweza kukataa kupanda juu ya miti ya Ulyankulu saa nane mchana.

Mwaka 2012 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za safari ilitoa uchunguzi juu ya eropleni zilizoundwa na watu wenyewe. Ilionekana kwamba mambo mawili yalizidi mengine yote katika ajali zake: injini kushindwa, na rubani kupotewa na uwezo wa kuiongoza eropleni. Na jambo hilo la pili ndilo lililoua watu wengi zaidi. Lishikeni neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mara nyingi injini iliyozimika yaacha nafasi ya kupona. Nafasi hiyo hupotea rubani anapoacha kuiongoza eropleni yake.

Eropleni isiyo na injini haianguki kama jiwe. Huteleza juu ya hewa kama mwewe asiyepiga mabawa. Eropleni ndogo nyingi za viwandani huweza kwenda mbele futi 9 hivi kwa kila futi 1 ya kushuka. Maana yake, aliye juu futi 1,000 anayo zaidi kidogo ya maili moja na nusu ya kuchagua mahali. Eropleni iliyojaa mabomba na nyaya nje haitafika mbali hivyo, na aliyeiunda lazima apime yake mwenyewe, juu ya kiwanja, kabla ya kwenda po pote.

Sheria ya kwanza ni kuulinda mwendo. Mabawa hubeba kwa sababu hewa hupita juu yake kwa kasi na kwa pembe ifaayo. Injini ikinyamaza, mkono wa mtu mwoga hutaka kuinua pua ya eropleni, ili aikimbie ardhi. Akifanya hivyo, mwendo hupungua, na ghafula mabawa huacha kubeba. Eropleni huanguka kama embe bivu. Basi lazima aishushe pua, ijapokuwa moyo unakataa.

Sheria ya pili ni kutorudi nyuma. Injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, kiwanja kiko nyuma, nacho chamwita rubani. Wengi wamekufa kwa kuuitika wito huo. Eropleni ikilala ubavu ili igeuke upesi, yahitaji mwendo mkubwa zaidi. Ile inayobebwa kwa maili 40 kwa saa ikiwa sawa, itahitaji zaidi ya maili 56 ikilala digrii 60. Na juu ya hayo hupoteza urefu wake kwa haraka. Aliye chini na atue mbele yake, kuume kidogo au kushoto kidogo, hata kama mbele ni shamba la mtu.

Sheria ya tatu ni kuelekea upepo. Tuseme eropleni hutua kwa maili 50 kwa saa, na upepo ni maili 10. Akiuelekea upepo, ataigusa ardhi kwa maili 40. Akiupa kisogo, kwa maili 60. Hesabu ya elimu ya nguvu husema kwamba pigo la maili 60 ni zaidi ya mara mbili ya pigo la maili 40. Moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi utamwonyesha upepo unakotoka.

Na mahali pa kutua? Juu ya Ulyankulu rubani huona msitu wa miyombo, na katikati yake mbuga na mashamba. Mbuga wakati wa kiangazi huwa ngumu na wazi; wakati wa masika ni tope lililofunikwa na majani mabichi. Alcock na Brown, waliovuka Atlantiki bila kutua mwezi wa Juni 1919, waliona huko Ireland uwanja wa kijani uliowapendeza, wakatua. Kumbe ni tope, na pua ya eropleni ikazama. Basi kijani kizuri katika mwezi wa Februari kisimdanganye mtu. Shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa hufaa. Shamba lenye matuta ya tumbaku lifuatwe kwa urefu wa matuta, lisikatwe. Vichuguu viepukwe kama miamba. Barabara huvutia, lakini ina watu, baiskeli na nyaya za umeme. Na ikiwa hakuna ila miti, heri kuiingia miti mifupi kwa mwendo wa polepole, eropleni ikiwa bado inaongozwa, kuliko kuanguka kwa kichwa mahali pazuri. Kabla ya kugusa ardhi rubani hufunga petroli, huzima umeme, hukaza mikanda yake, na hufungua mlango usije ukakwama.

Hayo yote ni ya angani. Lakini kinga kubwa hujengwa chini. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Henri Mignet aliandika kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujiundia eropleni ndogo. Ile ya kwanza ya namna hiyo, iliyoruka mwaka 1933, ilitumia injini ndogo ya namna ya pikipiki. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaunda kama hiyo. Kisha wakaanza kufa. Wataalamu walipoijaribu katika vyumba vya kupimia upepo wakaona kwamba ikiinamisha pua sana haiwezi kuinuka tena, kwa sababu ya namna mabawa yake mawili yalivyokaribiana. Mwaka 1936 serikali zikaizuia. Wale waliokufa hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikosa kipimo tu.

Kwa hiyo, kijana mwenye nia ya kuunda, injini yako ifungwe kwenye gogo imara na kufanywa ifanye kazi kwa nguvu zote, saa baada ya saa, kabla haijaonja anga. Pima petroli inayofika kwenye injini, pua ya eropleni ikiwa imeinuliwa kama wakati wa kupanda; ikiwa yashuka kwa uzito wake tu, iwe mara moja na nusu ya ile injini inayotumia kwa nguvu zote. Wapelekee watu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga kazi yako waikague, maana si halali kuruka kwa eropleni isiyosajiliwa na kukaguliwa, na sheria hiyo inawalinda pia watoto wanaocheza chini yako. Tena jifunze urubani kwa mwalimu. Kuunda ngoma si kuicheza.

Na ninyi mnaoishi chini, siku moja eropleni yaweza kushuka katika shamba lenu. Msiikimbilie mpaka imesimama kabisa. Msiiguse rafadha hata ikiwa imetulia, kwani injini yenye moto yaweza kuizungusha mara moja na kumkata mtu. Zimeni sigara na mioto ya kupikia. Aliyeumia asivutwevutwe, isipokuwa moto umeanza. Ashikwe shingo na mgongo visipindike, na watu wa hospitali na polisi waitwe. Wala asichukue mtu kipande cho chote, hata kiwe kidogo. Katika vipande hivyo wachunguzi watasoma sababu ya ajali, na fundi mwingine ataponywa nayo.

Basi, wasikilizaji, twamsifu kijana mwenye kutaka kuruka, na tungependa aruke. Lakini na ajibu kwanza swali la kirangozi. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, na atembee kwa miguu mpaka mwisho wa kiwanja, aitazame nchi iliyo mbele, na aonyeshe kwa kidole: "Ikizimika hapa, nitatua pale." Asipokuwa na mahali pa kuonyesha, na aifunike eropleni yake kwa turubai, aende akapafyeke mahali hapo kwanza.